Kitale, Bungoma na simu ya mkononi: lugha inavyomtaja mgeni kabla hajajitaja

Kijana akitoka Bungoma kuja Mombasa kutafuta kazi, shamba analiacha, wazee anawaacha, na ng'ombe, kama wapo, anamwachia ndugu. Lugha anakuja nayo. Mchana, kazini Changamwe au kwenye mjengo kule Bamburi, anasema Kiswahili. Jioni anafungua simu na kukuta vikundi vinne au vitano vya WhatsApp vinamngoja: cha ukoo, cha waliosoma pamoja, cha watu wa nyumbani wanaoishi Pwani, cha wapangaji wa ploti na cha kazini. Mtu ni yule yule na kidole ni kile kile, lakini kila kikundi kinapata lugha yake. Kwa ukoo ataandika Kibukusu. Kwa waliosoma pamoja atachanganya Kiingereza na Sheng. Kwa wapangaji atarudi kwenye Kiswahili, tena cha adabu.

Jambo hili laonekana dogo, na wengi wetu twalifanya bila kufikiri. Lakini kuna wasomi wanaolichunguza kwa miaka, kwa sababu ndani yake mna swali zito: mtu aliyehama ni nani? Ni yule anayejitaja mwenyewe, au yule ambao wenzake wamekwisha kumtaja? Na katika nchi ambayo maneno ya simuni yamewahi kutangulia moto, jibu la swali hilo si la darasani tu.

Makala haya yanaeleza uchunguzi huo ni wa namna gani, kwa nini Kitale na Bungoma ni mahali pazuri pa kuuelewa, na kwa nini sisi wa Pwani, tulio mbali na mlima Elgon, tuna la kujifunza humo.

Miji miwili, watu wa kila upande

Kitale ni makao makuu ya kaunti ya Trans Nzoia. Bungoma ni mji mkuu wa kaunti ya jina lake, upande wa kusini magharibi. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 990,341 Trans Nzoia na 1,670,570 Bungoma. Ni nchi ya mahindi, miwa na maziwa. Unga tunaousonga Mombasa, mara nyingi mahindi yake yametoka huko.

Ukitazama ramani utadhani miji hiyo ni ya watu wa aina moja. Sivyo. Kabla ya wakoloni, nyanda za Trans Nzoia zilikuwa malisho na mapito ya Wasabaot, Wasengwer na Wamasai. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iliyagawa mashamba kwa walowezi Wazungu, wengi wao askari waliotoka vitani, na eneo likaingizwa katika nyanda zilizotengewa Wazungu peke yao. Mashamba hayo yalihitaji mikono. Wabukusu wakaja kutoka upande wa Bungoma, na Waluhya wengine, Wateso, Wanandi na Waturkana wakaja pia. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mji ukakua kama miji yote ya reli: kwa Wahindi wenye maduka, makarani, mafundi na vibarua waliotoka kila pembe.

Uhuru ulipoingia, mashamba mengi yaligawanywa katika mipango ya makazi. Mengine yakanunuliwa na vyama vya watu waliochanga fedha, wakiwemo Wakikuyu waliotoka Kati. Mengine yakabaki mikononi mwa serikali. Mpaka wa mikoa nao ukapita katikati: Bungoma ikawa Magharibi, Kitale ikabaki Bonde la Ufa. Kwa hiyo Mbukusu aliyevuka kutoka Kimilili kwenda Kiminini, safari ya matatu tu, alivuka mkoa na kuambiwa na wengine kuwa yuko ugenini.

Bungoma nayo haina watu wa lugha moja. Wabukusu ndio wengi, lakini wako Watachoni, wako Wateso upande wa Malakisi, na juu mlimani wako Wasabaot, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikalenjin. Ugomvi wa ardhi katika mpango wa makazi wa Chebyuk, Mlima Elgon, ulizaa kundi la wapiganaji mwaka 2006, na jeshi likaingia mwezi Machi 2008. Walioumia ni raia, kutoka pande zote. Kabla ya hapo, mwaka 1991 na 1992, mapigano ya kikabila yalikuwa yamewang'oa watu wengi Trans Nzoia na Bungoma.

Naeleza haya kwa sababu bila hayo mtu hawezi kuelewa uzito wa neno "mgeni" kule. Kwetu twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule neno hilo laweza kuwa na maana ya kwamba hati yako ya shamba ina walakini.

Mtafiti hutazama nini?

Elimu inayochunguza lugha ndani ya jamii huitwa isimujamii. Mtaalamu wake hatafuti kosa la sarufi. Anatafuta kujua nani kasema nini, kwa lugha ipi, mbele ya nani, na kwa nini hakutumia lugha nyingine aliyokuwa nayo.

Mwanaisimu Mmarekani Carol Myers-Scotton alifanya kazi hiyo Kenya kwa muda mrefu, na kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu sababu za watu kuchanganya ndimi hutajwa hadi leo. Mifano yake miwili inatuhusu hapa. Wa kwanza ni wa mlango wa ofisi kubwa Nairobi. Mgeni kutoka magharibi anafika, na bawabu anamhoji kwa Kiswahili kikavu, kama bawabu yeyote. Katika maelezo, mgeni anataja kwamba mtu anayemtafuta ni wa Tiriki, yaani Mluhya. Bawabu anatabasamu na kuhamia Kiluhya. Kuanzia hapo wawili hao ni watu wa kwao, na mlango hauna ugumu tena.

Mfano wa pili ni wa kilabuni, huko huko Uluhyani. Mkulima anamwomba pesa mtu wa mshahara, na anaomba kwa lugha ya nyumbani, maana ndiyo yenye kukumbusha undugu. Mwenye mshahara anamjibu kwa kuchanganya Kiingereza, Kiswahili na lugha ya nyumbani, akimkumbusha kwamba ana shamba. Kuhama lugha kwenyewe ndiko kukataa. Kabla hajasema hapana, lugha imekwisha kumsogeza mbali.

Hayo yalikuwa maneno ya mdomo. Simu ilipoingia mifukoni, wasomi wakaanza kuuliza kama maandishi nayo yanafanya kazi ile ile. Mwanaisimu Sandra Nekesa Barasa aliandika tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, mwaka 2010, juu ya lugha ya ujumbe mfupi wa simu, barua pepe, soga za papo kwa papo na mitandao ya kijamii nchini Kenya. Ilikuwa kazi ya mapema, wakati ambapo wengi walidhani ujumbe wa simu ni uharibifu wa lugha tu. Yeye aliuchukua kama lugha hai: watu wanaandika kama wanavyosema, wanakata maneno, wanachanganya Kiingereza, Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani katika sentensi moja, na wanafanya hivyo kwa mpango. Baadaye, yeye na Maarten Mous wa Leiden waliandika kuhusu Engsh, mtindo wa vijana wa Nairobi wenye nafasi, ambao ni kama Sheng lakini umesimama juu ya Kiingereza.

Kazi ya namna hii haiwezi kufanywa na mtu wa lugha moja. Ujumbe unaoanza kwa Kiingereza, ukapita kwenye Kiswahili na kumalizikia kwa Kibukusu, mtu asiyejua Kibukusu atausoma robo tatu na kudhani ameumaliza. Na mara nyingi lile neno la mwisho ndilo lililobeba ujumbe. Pia mtafiti lazima apate idhini ya wenye maneno, afiche majina yao na kutambua kwamba kikundi cha familia si uwanja wa wazi. Mtu kumwamini msomi na mazungumzo ya mama yake ni amana.

Alama ndogo zinazosema mengi

Alama ya kwanza ni salamu. "Mulembe" kwa Waluhya ni amani, na ndiyo salamu. Likiandikwa mwanzo wa ujumbe katika kikundi cha mchanganyiko, huwa kama kugonga mlango: kuna mwenzangu humu? Atakayeitikia amejitambulisha. Kwetu mtu akiandika "Asalaam aleikum" katika kikundi cha ofisi jijini Nairobi, hufanya jambo lile lile, awe amekusudia au hakukusudia.

Alama ya pili ni majina ya undugu. Mbukusu atamwita mzee "papa", mama "mayi", babu "kuka", bibi "kukhu". Waliotahiriwa mwaka mmoja huitana "bakoki", na rika hilo ni undugu wa maisha. Tohara ya Wabukusu hufanywa Agosti ya miaka isiyogawanyika vibaya, 2018, 2020, 2022, 2024, na miezi kabla yake vikundi vya simuni hujaa michango, tarehe na picha. Aliye Mombasa, Nairobi au Riyadh na hawezi kusafiri, hutuma pesa kwa M-Pesa au kwa jamaa, na kwa kuandika "bakoki" anahudhuria kwa namna yake. Mtu aliyehama hushikamana na kwao kwa neno kama hilo kuliko kwa hotuba ndefu.

Alama ya tatu ni majina yenyewe. Wafula ni mtoto wa mvua, Simiyu wa kiangazi, Nekesa wa mavuno, Wanjala wa njaa. Chebet na Kiplagat hukupeleka upande wa Wakalenjin. Mtu akijiandikisha Facebook, jina hilo humtangulia. Ndiyo maana wengine hubaki na jina la ubatizo na la utani tu. Si kwamba wanakana asili. Wamejifunza kwamba katika miaka fulani si vyema kila anayepita asome umetoka wapi.

Alama ya nne ni lafudhi ya maandishi. Wachekeshaji wa Kenya wamezoea kuwaiga Waluhya kwa kugeuza "b" kuwa "p" na "d" kuwa "t", "basi" ikawa "pasi". Vijana wa Bungoma huandika hivyo wenyewe kwa mzaha, na wao kwa wao hucheka. Akiandika mtu wa nje, mzaha ule ule huwa kejeli. Sisi twalijua hili vizuri. Mvita akiandika "nshafika" au "mie sina neno", anasikika nyumbani. Akiigwa na mtu wa Nairobi anayetaka kuonyesha kwamba Wapwani ni wavivu wa kuongea, maneno ni hayo hayo lakini yanauma.

Makabila nayo yalizaliwa katika vyombo vya habari

Huenda mtu akasema: haya ni mambo ya simu, yatapita, kabila ni kitu cha kale. Historia ya eneo hili inasema kinyume. Majina mengi tunayoyaona ya kale ni mapya, na yalienezwa na vyombo vya mawasiliano vya wakati wake.

Chukua jina la Kalenjin. Maana yake ni kama "nawaambia". Lilianza kuenea miaka ya 1940, wakati wa Vita vya Pili, mtangazaji wa redio alipokuwa akilitumia kuwaita wasikilizaji wake, na wanafunzi wa shule za sekondari wakalichukua kuwa jina la umoja wao. Kabla ya hapo walikuwepo Wanandi, Wakipsigis, Watugen, Wakeiyo na wengine, kila watu na jina lao.

Chukua Luhya. Jina hilo lilipata nguvu miaka ya 1930 na 1940, viongozi na wasomi wa Magharibi walipotaka watu wao wahesabiwe kama umma mmoja. Kulikuwa na jitihada za kutunga Kiluhya kimoja cha kuandikia, zikisimamiwa na wamishonari pamoja na wenyeji. Wabukusu na Wamaragoli walikuwa miongoni mwa waliokataa, wakisema hicho si Kiluhya chao. Wabukusu wenyewe serikali ilikuwa ikiwaandika "Kitosh", jina la majirani wasilolipenda, na ilibidi walipiganie jina lao.

Na chukua Mijikenda. Kabla ya miaka ya 1940, Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai na ndugu zao walikuwa wakiitwa Wanyika, watu wa porini, jina walilopewa na wengine. Walipojiita Mijikenda, miji tisa, walifanya uamuzi wa kisiasa na wa heshima. Leo nani anamwita mwenzake Mnyika bila kutaka ugomvi?

Kwa hiyo redio na vitabu vya shule viliwahi kuunda makundi. Hivi sasa redio za lugha za nyumbani kama Mulembe FM, na Sulwe FM inayotangaza kwa Kibukusu, zinaendelea na kazi hiyo, na simu imeongezeka juu yake. Tofauti kubwa ni mwendo na idadi ya wasemaji. Zamani mtangazaji alikuwa mmoja. Sasa kila mwenye bando ni mtangazaji, na aliye mbali na kwao ndiye mara nyingi mwenye sauti kali zaidi, maana hakai jirani na yule anayemtukana.

Pale neno linapogeuka silaha

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya iliwaka. Tume ya Jaji Waki iliwahesabu watu 1,133 waliokufa. Kitale, waliofukuzwa mashambani walijaa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Wakati huo ujumbe mfupi wa chuki ulipita kutoka simu hadi simu, na ukumbi wa intaneti ulioitwa Mashada, uliokuwa ukikutanisha Wakenya wa ndani na nje, ulifungwa na mwenyewe kwa sababu matusi ya kikabila yalishinda nguvu za kuyazuia. Mwenyewe, David Kobia, akawa mmoja wa walioanzisha Ushahidi, mfumo uliopokea taarifa za vurugu kwa simu na kuziweka kwenye ramani. Teknolojia ile ile ilibeba sumu na dawa, na jina la dawa lilikuwa la Kiswahili.

Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2008. Kifungu cha 13 kinamwadhibu mwenye matamshi ya chuki kwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Tume ya NCIC ikaundwa kuisimamia.

Mwezi Aprili 2022, kabla ya uchaguzi wa Agosti, tume hiyo ilitoa orodha ya maneno ambayo iliona yanatumika kama fumbo la chuki. Yako ya Kiingereza, ya Kikuyu na ya Sheng. Lakini tusome yale ya Kiswahili: "madoadoa", "kwekwe", "mende", na hili, "wabara waende kwao".

Tazama jinsi maneno hayo yalivyo. Kwekwe ni neno la shambani, na mkulima wa Kitale hulitumia kila msimu wa palizi. Madoadoa ni neno la kitambaa au ngozi ya mnyama. Mende yumo jikoni mwa kila mtu. Hakuna tusi hata moja katika kamusi. Yalipotumiwa juu ya watu, maana ikawa: hawa wameota mahali pasipo pao, na kwekwe hung'olewa. Rwanda nako mwaka 1994 redio iliwaita watu "inyenzi", na maana yake ni mende. Mahakama ya Arusha iliwahukumu wenye vyombo hivyo vya habari mwaka 2003.

Hapa ndipo inapoonekana faida ya mtafiti mwenye lugha nyingi, na hasara ya kuiachia mashine kazi hiyo. Mwezi Julai 2022 mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa kuipelekea matangazo yenye maneno ya chuki ya Kenya, kwa Kiingereza na Kiswahili. Matangazo ya Kiswahili yalikubaliwa. Yale ya Kiingereza yalirudishwa kwanza, si kwa chuki, bali kwa kasoro za sarufi na matusi. Yaliporekebishwa kidogo, nayo yakakubaliwa. Matangazo hayakurushwa hewani, kwani wenyewe waliyaondoa. Lakini somo lilibaki: mlinzi wa mlango hakujua lugha ya waliokuwa wakiingia. Kama hali ni hiyo kwa Kiswahili, chenye mamilioni ya wasemaji, itakuwaje kwa Kibukusu, Kisabaot au Kigiriama?

Kiswahili kama uwanja wa wote

Katikati ya haya yote, Kiswahili kina kazi ya pekee Kitale na Bungoma. Hakikufika huko jana. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikipita Mumias, kwa Nabongo, tangu karne ya 19. Joseph Thomson alipofika huko mwaka 1883, njia ya misafara ilikuwa imekwisha kufunguliwa na watu wa Pwani. Mashamba ya walowezi yakakieneza kwa namna yake, Kiswahili cha amri na kibarua, na soko likakilainisha.

Leo, katika soko la Chwele au stendi ya Kitale, Mbukusu, Msabaot, Mteso, Mturkana na Mkikuyu hupatana bei kwa Kiswahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitaja kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Lakini kwa mtu aliyehama, thamani yake ni ya karibu zaidi kuliko katiba. Kiswahili ndiyo lugha ambayo ndani yake hakuna anayekuuliza mara moja shamba lako ulilipata vipi.

Katika vikundi vya simuni kazi hiyo inaonekana wazi. Kikundi cha wazazi wa shule au cha wakulima wa ushirika kikianza kuandika kwa lugha moja ya nyumbani, wengine hunyamaza. Hawatoki kwenye kikundi, wananyamaza tu, na kila anayenyamaza hujiuliza anasemwa nini. Msimamizi mwenye busara akiandika "Jamani, tutumie Kiswahili, tuko wengi humu", hajaizuia lugha ya mtu. Amerudisha viti vya wote.

Hilo halina maana kwamba Kibukusu kizimwe. Mtu asiyeruhusiwa kuandika lugha ya mama yake popote huwa mgeni mara mbili, ugenini na kwao. Kikundi cha ukoo kiwe cha lugha ya ukoo, na watoto waliozaliwa Mombasa wakisome humo, maana kwa wengi wao ndiyo shule ya pekee ya lugha hiyo. Katiba hiyo hiyo inaitaka serikali ilinde lugha za jamii zote. Kinachotakiwa ni kujua uko katika chumba gani.

Na sisi wa Pwani?

Ndugu msomaji, rahisi kuisoma habari ya Kitale kama habari ya watu wa mbali wasioelewana. Lakini katika ile orodha ya 2022, maneno "wabara waende kwao" hayakutoka mlima Elgon. Ni ya kwetu. Mwaka 1997 ghasia za Likoni ziliwafukuza watu wa bara, na walioumia walikuwa wapangaji, wachuuzi na vibarua waliokuwa na nauli tu ya kurudi. Wapwani wengi nao walipata hasara kwa miaka, utalii ulipoanguka.

Malalamiko yetu ya ardhi ni ya kweli. Maskwota wa Kilifi na Kwale wanayajua, na hakuna anayesema yanyamaziwe. Hata Msabaot na Msengwer wana malalamiko ya kweli juu ya nchi waliyonyang'anywa na mkoloni. Lakini kudai haki kwa tume, kwa mahakama na kwa bunge ni jambo moja, na kumwita jirani kwekwe ni jambo jingine. La kwanza lina hati na mashahidi. La pili lina petroli.

Na sisi tuna jukumu zaidi, kwa sababu lugha inayobeba maneno haya ni yetu. Twajivunia kwamba Kiswahili kimefika Kitale, Kampala, Bukavu na Muscat, na kwamba tangu 2021 UNESCO imekipa siku yake, Julai 7. Basi tukubali pia kwamba "madoadoa" ni Kiswahili. Mwenye lugha hawezi kujisifu kwa mashairi na kuyakana matusi.

Kwa hiyo ukipokea ujumbe wenye fumbo juu ya watu wa mahali fulani, uliza kwanza: huyu anayesemwa yumo humu? Angekuwa humu, ungeandikwa hivi? Usiusambaze kwa kusema "nimeupokea kama ulivyo", maana kuteleza kwa kidole siku hizi ni zaidi ya kuteleza kwa ulimi. Kama wewe ni msimamizi wa kikundi, ufute na ueleze kwa nini umeufuta. Na jirani yako kutoka Bungoma akiandika "mulembe" katika kikundi cha ploti, mwitikie. Neno lenyewe ni "amani", na kuliitikia hakumpi mtu hati ya ardhi ya mwenziwe.